Mkojo wa Rangi ya Strungi: Tetemeko la Ardhi Linavyoumiza Watu

(Haya niliyasema mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, wasimamizi wa ploti na waendesha boda boda, katika ukumbi mmoja wa mtaa upande wa mashariki wa Nairobi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.)

Chifu, wazee wa mtaa, mama zangu wahudumu wa afya, na nyinyi vijana wa boda boda mlioacha steji saa za kazi mkaja kunisikiliza, hamjambo. Naona wasimamizi wa ploti wamejikalia karibu na mlango. Nawaelewa. Ghorofa likitajwa kuanguka, macho yote huwageukia wao. Leo tulieni, sikuja kumtafuta wa kulaumiwa. Mimi ni muuguzi, nimezeekea wadi ya mifupa, na nimekuja kuzungumza juu ya mwili wa mtu: unavyoumia ukuta unapouangukia, nani hufika kwetu na nani hafiki, na kwa nini mkononi mwenu nyinyi kuna kitu ambacho daktari wangu hana.

Nani hapa anakumbuka Julai 2007? Inueni mikono. Basi ni wengi. Ardhi ilitikisika siku baada ya siku. Taa zikabembea, watu wa maofisini mjini wakashuka ngazi mbio, viatu mkononi, na jioni kila mtu akawa na hadithi ya alipokuwa. Chanzo kilikuwa ng'ambo ya mpaka, karibu na Ziwa Natron na mlima Gelai, na mtikisiko mkubwa kabisa ulipimwa 5.9. Sisi tukabaki na hadithi. Sasa shikeni namba hiyo, 5.9. Septemba 2016 tetemeko lenye kipimo hichohicho lilipiga Kagera, Tanzania, karibu na Bukoba, penye watu na nyumba za matofali. Watu zaidi ya 15 wakafa, mamia wakajeruhiwa. Namba ni moja, ila la kwanza lilitokea nyikani na la pili likatokea chini ya vitanda vya watu.

Na kwetu? Tarehe 6 Januari 1928, Subukia, hapo kaskazini ya Nakuru, ilipigwa na tetemeko la 6.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Kenya. Mashamba yalipasuka. Wakati huo Subukia haikuwa na ghorofa hata moja la kuanguka, na Nairobi yenyewe ilikuwa mji mdogo wa reli. Bonde la Ufa halijahama. Kilichobadilika ni kwamba tumejenga juu.

Mengine ya ardhi nawaachia wanajiolojia. Tuingie wadini.

Ukisimama mlangoni mwa hospitali baada ya tetemeko na daftari, ukaandika kila jeraha linaloingia, daftari lako litajaa miguu. Pakistan 2005, Sichuan 2008, Haiti 2010, Nepal 2015: nchi tofauti, nyumba tofauti, na daftari ni lilelile. Fupa la paja, muundi, kifundo. Mikono hufuata. Halafu michubuko na mipasuko ya ngozi isiyohesabika. Halafu uti wa mgongo, hasa pale kiunoni juu kidogo. Vichwa na vifua vilivyoumia vibaya huwa vichache kuliko unavyotarajia.

Mara ya kwanza niliposoma hesabu hizo nilijiambia, kumbe Mungu hulinda vichwa. Mwalimu wangu akanicheka. Aliyeangukiwa na zege kichwani au kifuani amebaki palepale, na daftari la hospitali halina ukurasa wake. Anayetufikia ni yule ambaye kifusi kilimshika mguu kikamwachia pumzi. Kwa hiyo mtu akikuletea hesabu za majeraha ya hospitalini na kukuambia hivi ndivyo tetemeko linavyoumiza watu, mwambie amehesabu upande mmoja tu wa mlango.

Sasa nyinyi wa boda boda mnaniangalia kama mnaosema, miguu? Miguu tunaijua. Ni kweli, na mimi naijua kwa sababu yenu. Wadi yetu imejaa miguu ya boda boda, mpaka wauguzi wapya hujifunza kufunga plasta kwa miguu yenu. Mtu anaweza kudhani basi Nairobi iko tayari, kwa kuwa hakuna mji unaojua mguu uliovunjika kama huu. Mimi pia nilidhani hivyo.

Tofauti ni hii. Kijana wa boda akigongwa pale Outering, dakika kumi baadaye yuko kwenye pikipiki ya mwenzake akiletwa, mguu umening'inia, analia kama mtoto. Mguu wake umevunjika, lakini msuli wake unapata damu. Mtu wa tetemeko amelala chini ya boriti saa sita, saa kumi, siku nzima. Pengine mfupa wake hata haujavunjika. Hana kidonda, wala halii, maana mguu umekufa ganzi. Ukimwona utasema huyu amepona, mpe chai, tumshughulikie anayetokwa na damu. Na huyo ndiye atakayekufa.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana haya ndiyo yaliyonileta.

Msuli uliobanwa kwa saa kadhaa huanza kufa, na ndani yake kuna vitu ambavyo mahali pake ni ndani. Kimoja ni potasiamu. Ni ileile tunayoila kwenye ndizi, haina ubaya ikiwa mahali pake. Cha pili ni mayoglobini, rangi inayoufanya msuli uwe mwekundu. Muda wote jiwe liko juu ya mguu, vitu hivyo vimefungiwa hukohuko mguuni. Siku mnapoliinua jiwe, kwa nia njema, huku umati unapiga makofi na vigelegele, damu inarudi mguuni na kuvizoa vyote kwa pamoja. Potasiamu inafika moyoni, na moyo unaweza kupoteza mwendo na kusimama palepale, mtu akiwa bado kwenye mikono yenu. Akivuka hapo, zamu ni ya mayoglobini. Fikirini kichujio cha chai. Ukimimina majani mengi kwa maji kidogo, kichujio kinaziba. Figo ni kichujio. Mtu aliyekaa chini ya kifusi hajanywa maji, na mguu wake unapovimba unanyonya hata yale machache yaliyobaki kwenye damu. Majani mengi, maji kidogo. Mkojo unapungua na kubadilika rangi, unakuwa kama strungi. Mnaijua strungi, chai isiyo na maziwa iliyokaa jikoni mpaka ikawa nyeusi. Halafu mkojo unakatika kabisa.

Jambo hili liliandikwa wazi London mwaka 1941, Wajerumani walipokuwa wakiuangushia mji mabomu. Madaktari wawili, Bywaters na Beall, waliona watu waliofukuliwa chini ya nyumba zao wakiwa na fahamu zao timamu, kisha baada ya siku chache figo zikakwama na wakafa. Mashine ya kusafisha damu haikuwapo. Armenia, kwenye tetemeko la Desemba 1988, mashine zilikuwa zimeshavumbuliwa ila hazikuwa mahali zilipohitajika, na kutokana na aibu ile madaktari wa figo duniani wakaunda mwaka 1989 kikosi cha kukimbilia majanga. Kobe, Januari 1995, Wajapani walihesabu wagonjwa 372 wa hali hii. Figo za 202 zilishindwa kazi, na 50 walifariki. Uturuki, Agosti 1999, wagonjwa 639 walipata matatizo ya figo, na 477 kati yao wakawekwa kwenye mashine. Wengi wa hao walipona. Tena nataka mlishike hilo la kupona, kwa sababu figo ya namna hii, tofauti na ya mtu wa kisukari cha miaka ishirini, ikipewa wiki kadhaa za kusaidiwa mara nyingi hurudi kazini. Yule mtu anaenda nyumbani.

Hapa kwetu, mama anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki anajua foleni ya kiti hicho. Sitaingia huko, leo si siku ya malalamiko. Nauliza tu, ikiwa viti vimejaa siku ya kawaida, siku hiyo mtu wa strungi ataketi wapi? Jibu la pekee nililonalo ni kwamba wachache iwezekanavyo wafike hatua ya kukihitaji. Na hilo, ndugu zangu, haliamuliwi hospitalini.

Niwaeleze nilivyojifunza.

Mnamo tarehe 7 Agosti 1998, Ijumaa, nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Ile haikuwa tetemeko, lilikuwa bomu kwenye ubalozi wa Marekani, na wengi wenu hapa mna mtu wenu mliyempoteza au aliyepoteza macho. Macho yalikuwa mengi siku ile kwa sababu watu walisikia kishindo kidogo kwanza, wakaenda dirishani kuchungulia, ndipo bomu likalipuka na vioo vikawarukia usoni. Watu 213 walikufa hapa Nairobi, na maelfu wakajeruhiwa. Lakini Ufundi House, lile jengo la jirani, liliporomoka kabisa, na waliokuwa ndani yake waliumia kama watu wa tetemeko.

Hospitali niliyokuwa sitaitaja. Waliofika kwanza walifika wenyewe. Kwa miguu, kwa matatu, nyuma ya pikapu, wameshika leso usoni. Ndani ya saa moja hapakuwa na benchi, hapakuwa na kitanda, hata kijiko cha kupimia dawa kilipotea. Tulishona. Niliambiwa nisafishe tu na kufunga bandeji, basi nikafunga mpaka vidole vikashikana. Alasiri wakaleta mwanamume mmoja amelazwa juu ya mlango. Mlango wa mbao hasa, kitasa bado kipo. Suti yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi la saruji, nyusi zimekuwa kama za mzee, lakini akiongea unasikia ni kijana. Akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Dada, mimi siumwi, shughulikia hao." Nilipandisha suruali nikaona mguu wa kulia. Hapakuwa na kidonda. Ngozi imekaza na kung'aa kama ganda la biringanya, na nilipobonyeza kidole hakijaacha shimo, ulikuwa mgumu kama ubao. Nikamwita mkubwa wangu, akatazama kwa mbali, akasema hana damu, mweke ukumbini. Tukamweka ukumbini. Usiku akapata mkojo kidogo kwenye chupa. Niliinua chupa kwenye mwanga nikaona ile rangi. Nikaandika kwenye karatasi yake, "mkojo wa rangi ya chai", kwa mwandiko mzuri wa shule. Hakuna aliyesoma. Mimi mwenyewe sikujua nimeandika nini.

Alifariki Jumapili kabla ya jua kutoka.

Simlaumu mkubwa wangu, alikuwa amesimama tangu asubuhi, na alifanya tulichofundishwa, anayetokwa na damu kwanza. Ila tangu siku hiyo sijaweza kunywa chai ya rangi. Nyumbani watoto hunicheka.

Kutokana na kisa hicho nawapa mambo mawili. La kwanza, wanaofika hospitalini kwanza si walioumia zaidi. Ni wale wanaoweza kutembea. Hiyo ni kawaida ya janga lolote la mjini, na tetemeko ndilo bingwa wake, kwa sababu mzito hawezi kuja mpaka afukuliwe. Kwa hiyo mama zangu wahudumu wa afya, siku hiyo mkiwazuia wenye michubuko na mikato midogo mkawaosha na kuwafunga hapahapa mtaani, au mkawaelekeza zahanati, mmetupa vitanda vya wale wanaokuja alasiri. Hamtapewa medali. Pengine mtatukanwa. Fanyeni tu.

La pili ni la saa, na nitalirudia mwishoni.

Kuna kijana hapo mbele aliniuliza kabla hatujaanza, ati tetemeko likija mtu aruke dirishani? Aprili 2015, kule bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, transfoma ya umeme ililipuka alfajiri. Ilikuwa siku kumi tu baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa. Wanafunzi wakadhani ni shambulio, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa, zaidi ya mia moja wakaumia, na transfoma yenyewe ilikuwa haijamgusa mtu. Wanaoruka hutuletea mfupa wa kisigino uliopondeka. Na nikimwona mtu kavunjika visigino namgeuza nimguse mgongo, maana nguvu iliyopasua kisigino hupanda ikamtafuta kiunoni, na yeye kwa maumivu ya mguu hasikii ya mgongo. Ukimbeba mtu huyo mabegani kama gunia la viazi unaweza kumalizia kazi ambayo ukuta haukuimaliza. Mlaze juu ya mlango, kijana. Mlango wa mbao na watu wanne wa kuubeba. Na usiruke.

Jengo na saa ndivyo vinavyochagua jeraha. Matetemeko ya Uturuki, la 1999 saa tisa na dakika mbili usiku na la 2023 saa kumi na dakika kumi na saba usiku, yaliwakuta watu wamelala, na dari likamshukia mtu amelala chali. Kashmir mwaka 2005 ilikuwa karibu saa tatu asubuhi, watoto wako darasani, na shule nyingi zikawaangukia. Nepal mwaka 2015 ilikuwa Jumamosi karibu na adhuhuri, madarasa matupu, na hapo wazee wa kule walishukuru kalenda. Tokyo mwaka 1923 ilikuwa dakika mbili kabla ya saa sita mchana, majiko yote yamewashwa, na moto uliua watu wengi kuliko kuta.

Sasa tuzitazame nyumba zetu. Kule Bam, Iran, Desemba 2003, nyumba zilikuwa za udongo. Zilipoanguka zilikuwa vumbi, hazikuacha upenyo wa hewa, na watu zaidi ya 26,000 wakafa, wengi kwa kukosa pumzi. Zege ni tofauti. Sakafu juu ya sakafu, kama chapati zilizopangwa, lakini kati yake hubaki vipenyo, mtu akaishi humo amebanwa mguu. Mtaa wa Huruma, Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, ghorofa lilianguka, mnakumbuka. Karibu watu 50 walikufa. Lakini mtoto mchanga alitolewa hai baada ya saa takriban 80, na siku ya sita bado watu wazima walikuwa wakitolewa wanapumua. Ghorofa la Huruma au Pipeline linapoporomoka, ndilo linalotengeneza watu wa strungi. Mabati ya Mathare hayambani mtu hivyo. Mabati hukata, na kinachounguza ni sufuria ya maharagwe, mafuta ya mandazi na mtungi wa gesi uliopinduka. Mhudumu wa Mathare ajiandae kwa moto. Wa Pipeline ajiandae kwa mguu usio na kidonda.

Wazee huumia kwa namna yao. Nyonga huvunjika kwa kukimbia tu, hata ukuta usipoanguka. Na moyo: Northridge, California, Januari 1994, siku ya tetemeko watu 24 walikufa ghafla kwa moyo katika kaunti ya Los Angeles, ilhali wiki iliyotangulia wastani ulikuwa chini ya watano kwa siku. Bibi akisema kifua kinambana, msimwambie ni hofu.

Nipite haraka kwenye vidonda, ijapokuwa ningeweza kulala hapa. Kidonda cha kifusi kina mchanga, saruji, kipande cha nguo, na pengine maji ya mtaro. Mtu akikiosha juujuu na kukishona kizuri, amefungia uchafu ndani ya chumba chenye joto. Siku ya tatu kinanuka. Siku ya tano tunazungumza habari ya kukata. Haiti maelfu walikatwa viungo, na sehemu ya hesabu hiyo ni mifupa iliyokuwa haina namna, lakini sehemu ni vidonda vilivyochelewa na kuoza. Kidonda cha kifusi huoshwa kwa maji mengi, huachwa wazi chini ya bandeji, hutazamwa tena baada ya siku mbili tatu. Mgonjwa atalalamika kwamba hakushonwa. Mwacheni alalamike akiwa na mguu. Na sindano ya pepopunda. Yogyakarta mwaka 2006, baada ya tetemeko, pepopunda ilizuka kwa watu wazima ambao kinga yao ilikuwa imeisha zamani, wengine kwa vidonda vidogo tu. Nani hapa amechomwa ya pepopunda miaka kumi hii, ukiacha mama wajawazito? Naona mikono mitatu. Tutaonana nje.

Turudi kwenye mtu aliyebanwa, maana naona mzee wa mtaa anatazama saa.

Mkimfikia na yuko hai, msiharakishe kuinua jiwe kama hakuna moto, gesi wala ukuta mwingine unaoyumba. Najua ni vigumu. Najua umati utawapigia kelele. Pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu, semeni neno hili, "amebanwa tangu saa fulani, ana fahamu." Mwenye ujuzi akifika na dripu ya maji ya chumvi amwekee angali chini ya jiwe, kwa mkono au mguu wowote unaofikika. Kipimo wanachotumia kwa mtu mzima ni kama lita moja kwa saa. Maji ya chumvi ya kawaida, wala si ile dripu nyingine yenye potasiamu ndani yake, hilo wauguzi wenzangu mnalijua na bado mtu akichanganyikiwa huchukua mfuko ulio karibu. Maji yatangulie, jiwe lifuate. Yaani tunaongeza maji kwenye kichujio kabla majani hayajamwagwa. Lakini kama jengo linakuja chini, mtoeni, bila kusubiri mtu. Na msimfunge kamba pajani kwa sababu tu mlisikia neno sumu. Kamba ni ya damu inayoruka isiyozuilika, basi.

Halafu sasa kile kitu nilichosema mnacho nyinyi na daktari hana. Ni saa. Mgonjwa akifika kwangu, mguu wa biringanya, naweza kumpima damu, naweza kumpiga eksirei, lakini hakuna mashine itakayoniambia alikaa chini ya jiwe muda gani. Nusu saa na saa nane huonekana sawa dakika ile ya kwanza. Aliyeshuhudia ni wewe. Na wewe ukishamshusha mlangoni kwetu unageuza pikipiki unarudi kubeba mwingine, ukaondoka na saa yake.

Kwa hiyo nimeleta boksi hili. Ni kalamu za wino, zile nene zisizofutika, za kuandikia magunia sokoni. Kila steji ichukue mbili, kila msimamizi wa ploti moja, wahudumu mtachukua zitakazobaki. Mnaandika kwenye ngozi, wala si kwenye karatasi, kwa sababu karatasi hupotea nami ni shahidi. Mnaandika paji la uso au mkono usioumia. Mambo matatu: amebanwa tangu saa ngapi, ametolewa saa ngapi, na kama amekojoa, rangi gani.

Ndiyo, mama? Saa ya Kiswahili au ya Kizungu? Swali zuri kabisa, na lingeweza kuua mtu, maana saa nne yako na saa nne ya daktari kijana aliyesomea ng'ambo zina tofauti ya saa sita. Andikeni kama simu inavyoonyesha. Simu inasema 10:40, andika 10:40. Usitafsiri.

Wewe kijana wa jaketi la kijani, njoo mbele. Kunja shati. Tuseme ulikuwa dukani ghorofa ya chini, tetemeko limepiga saa kumi na moja kasorobo asubuhi, tumekutoa jua linazama. Nani ataandika? Chifu, shika kalamu. Herufi kubwa, tafadhali. B, ya kubanwa, halafu 4:45. La, chifu, juu kidogo, hapo kuna nywele, haitasomeka.